Mraba, Pembetatu na Gundi: Wachoraji wa Maumbo Waliokwenda Vitani

Katika mambo ya sanaa, pengine hakuna lililozusha ubishi mwingi zaidi katika karne ya ishirini kuliko picha isiyo na mtu, wala mti, wala nyumba, bali miraba, pembetatu na mistari mitupu. Mtu husimama mbele ya picha ya namna hiyo, akaitazama juu na chini, kisha akauliza: "Hiki nacho ni kitu gani? Na chafaa nini?" Swali hilo si la kijinga. Askari aliyezoea kwamba kila kifaa alichokabidhiwa kina kazi yake, na mama wa nyumbani anayepima kila shilingi kabla haijatoka, wana haki ya kuuliza picha isiyofanana na chochote ina faida gani.

Jibu moja lapatikana mahali ambapo wengi hawakulitazamia: katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, baina ya mwaka 1914 na 1918. Huko ndiko mraba na pembetatu zilikotoka katika kuta za maonyesho, zikapakwa juu ya mizinga na merikebu ili kuokoa maisha ya watu.

MTOTO WA FUNDI RANGI

Georges Braque alizaliwa tarehe 13 Mei, 1882, huko Argenteuil karibu na Paris, akakulia katika mji wa bandari wa Le Havre. Baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa kupaka rangi na kupamba nyumba, na kijana alifundishwa kazi hiyo hiyo. Ni kazi yenye siri zake. Fundi hodari huweza kuufanya ubao wa bei ndogo uonekane kama mwaloni, kwa kupitisha kitana cha chuma juu ya rangi ambayo bado ni mbichi. Huweza kuiga marumaru juu ya ukuta wa chokaa. Ajua rangi ipi hushika juu ya kitu gani, na ajua jinsi mchanga uliochanganywa na rangi unavyoufanya uso wa ukuta uwe wa kukwaruza. Braque hakuyasahau mafunzo hayo alipogeuka kuwa mchoraji wa picha.

Mwaka 1907 alifahamiana na Pablo Picasso, Mhispania aliyekuwa akiishi Paris. Mwaka uliofuata Braque alichora nyumba za kijiji cha L'Estaque, kusini mwa Ufaransa, akaziondolea milango na madirisha hata zikabaki kama masanduku yaliyopangwa mlimani. Mhakiki mmoja wa magazeti, Louis Vauxcelles, alizidhihaki kwa kusema kwamba mchoraji huyu amegeuza kila kitu kuwa vijisanduku. Kutokana na dhihaka hiyo mtindo ule ukapata jina lake, kubizimu.

Shabaha ya Braque na Picasso haikuwa kudhihaki macho ya watu. Chukua kikombe cha chai. Ukikitazama kutoka juu, mdomo wake ni duara. Ukikitazama kwa ubavu, ni mstatili. Kamera hulazimika kuchagua upande mmoja na kuuacha mwingine, ilhali anayekinywea chai huijua mipande yote. Wachoraji hawa walitaka kuweka katika picha moja yale yote mtu ayajuayo juu ya kitu: duara la juu, mstatili wa ubavuni, na mkono wa kushikia. Ndiyo sababu vitu katika picha zao huonekana kama vimevunjwa na kupangwa upya.

GUNDI YAINGIA KATIKA PICHA

Mwaka 1912 lilitokea jambo lililobadilisha sanaa kwa muda mrefu. Picasso alitengeneza picha ndogo ya umbo la yai, akabandika juu yake kipande cha kitambaa cha mezani cha kung'aa kilichochapwa mfano wa kiti cha kusukwa, kisha akaizungushia kamba badala ya fremu. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, Braque alikuwa akikaa Sorgues, karibu na mji wa Avignon. Katika duka moja la Avignon aliona karatasi ya kubandika ukutani, iliyochapwa mistari kama ubao wa mwaloni. Ilikuwa ni ile ile hila ya mafundi aliyofundishwa utotoni, ila sasa imefanywa na mashine. Akainunua, akaikata vipande, akavibandika juu ya karatasi nyeupe, na kwa mkaa akachora juu yake bakuli la matunda na bilauri.

Kwa takriban miaka mia nne wachoraji wa Ulaya walikuwa wamejitahidi kuifanya picha iwe kama dirisha, hata mtazamaji asahau kwamba anatazama kitambaa kilichopakwa rangi. Braque na Picasso walilivunja dirisha hilo. Kipande cha gazeti kilichobandikwa hubaki kuwa gazeti, na papo hapo huwa sehemu ya meza iliyochorwa. Mchanga ndani ya rangi hubaki kuwa mchanga. Tangu hapo mchoraji alipata ruhusa ya kuchanganya mafuta, mkaa, karatasi, nguo, kamba na vumbi la mbao katika kazi moja. Hiyo ndiyo njia ambayo leo huitwa mbinu mseto, na kazi ya vipande vilivyobandikwa huitwa kolaji.

BRAQUE AKIWA ASKARI

Vita vilipozuka, Braque aliitwa jeshini. Tarehe 2 Agosti, 1914, Picasso alimsindikiza mpaka stesheni ya Avignon. Picasso, akiwa raia wa Hispania ambayo haikuingia vitani, hakuitwa. Ushirika wao wa kazi ulikoma siku hiyo, na haukurudi tena kama ulivyokuwa.

Braque alipigana katika jeshi la miguu, akapandishwa cheo kuwa luteni wa pili. Tarehe 11 Mei, 1915, huko Carency, kaskazini mwa Ufaransa, alijeruhiwa vibaya kichwani. Aliachwa katika uwanja wa mapigano akidhaniwa amekufa, mpaka wabeba machela walipomkuta na kumwondoa. Madaktari walilazimika kutoboa fuvu lake ili kumwokoa, na kwa muda alipoteza nuru ya macho. Kwa mchoraji, hapana shaka hilo ndilo jeraha la kutisha kuliko yote. Alitunukiwa nishani mbili za ushujaa, lakini hakuweza kurudia kazi yake kwa ukamilifu mpaka mwaka 1917.

KIKOSI CHA KINYONGA

Wakati Braque akiuguzwa, maumbo aliyoyaanzisha yalikuwa yakifanya kazi nyingine. Jeshi la Ufaransa liliingia vitani mwaka 1914 likiwa na suruali nyekundu, ambazo adui aliziona kutoka mbali na kuzilenga kwa raha. Hasara ilikuwa kubwa mno. Hatari mpya ilitoka angani pia, kwa maana ndege zilianza kupiga picha za mizinga na kuwaelekeza wapigaji wa upande wa pili.

Mchoraji mmoja aliyekuwa akitumikia mizinga, Lucien-Victor Guirand de Scévola, alijaribu kuufunika mzinga wake kwa turubai lililopakwa rangi za udongo na majani. Jaribio hilo lilifaulu, na mwaka 1915 jeshi liliunda rasmi kikosi cha ufichaji. Wachoraji, wachonga sanamu na wapambaji wa majukwaa ya michezo ya kuigiza walikusanywa humo, na alama ya kikosi chao ikawa kinyonga. Hao ndio waliotengeneza hata miti ya uongo: mti mkavu uliosimama karibu na mstari wa adui ulipimwa na kuchorwa, ukatengenezwa mwingine wa chuma wenye uwazi ndani, kisha usiku ule wa kweli ukang'olewa na wa chuma ukasimikwa mahali pake, mlinzi akiwa ndani.

Miongoni mwa wafichaji alikuwako André Mare, mchoraji wa kubizimu, ambaye aliacha madaftari ya michoro ya mizinga iliyopakwa mabaka ya maumbo yasiyo ya kawaida. Siri yake ni rahisi kueleza. Jicho la mwanadamu hutambua kitu kwanza kwa mzingo wake, yaani ule mstari wa nje unaolitenga umbo la kitu na yaliyo nyuma yake. Mzinga mzima uliopakwa rangi moja ya kijani bado una mzingo wa mzinga. Lakini ukiukata mzingo huo kwa pembetatu nyeusi hapa, na baka la manjano pale, jicho huona vipande vipande na kushindwa kuviunganisha. Wachoraji wa kubizimu walikuwa wamekwisha kuvunja umbo la gitaa na chupa kwa njia hiyo hiyo. Kombati ya mabaka inayoanikwa leo katika kamba za nguo kambini ni mjukuu wa ujuzi huo.

Upande wa Ujerumani nako wachoraji walitumiwa. Franz Marc, aliyejulikana kwa picha zake za farasi wa buluu, alipaka maturubai makubwa ya kuficha mizinga mwanzoni mwa mwaka 1916. Aliuawa karibu na Verdun tarehe 4 Machi mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 36. Mfaransa Fernand Léger, aliyekuwa katika kikosi cha wahandisi na baadaye mbeba machela, aliokoka. Alisimulia baadaye jinsi alivyovutwa na kung'aa kwa sehemu ya nyuma ya mzinga wa milimita 75 katika jua kali. Mwaka 1917, akiwa katika mapumziko ya ugonjwa, alichora askari wanaocheza karata, miili yao ikiwa ya mabomba na pia za chuma, vifua vyao vikiwa na nishani. Askari wa mahandaki hakupewa sura nzuri ya kubuni, bali alionekana kama alivyofanywa na vita vya mashine.

MERIKEBU ZENYE MILIA

Mwishoni mwa Januari 1917, Ujerumani ilitangaza kwamba nyambizi zake zingezamisha meli yoyote katika bahari za kuizunguka Uingereza. Meli nyingi zilipotea. Norman Wilkinson, mchoraji wa bahari aliyekuwa afisa wa akiba wa jeshi la wanamaji la Uingereza, alitambua kwamba meli haiwezi kufichwa, kwa kuwa anga hubadilika rangi kila saa na moshi huonekana kutoka mbali. Akageuza swali. Badala ya kuuliza meli ifichwe vipi, aliuliza mlengaji apotezwe vipi.

Mkuu wa nyambizi hakulenga pale meli ilipo, bali pale itakapokuwa topido itakapofika. Ilimpasa kukadiria mwendo na uelekeo wa meli kwa kuchungulia muda mfupi tu. Basi Wilkinson aliamuru meli zipakwe milia na pembetatu kubwa za rangi nyeusi, nyeupe, buluu na kijani, zilizopangwa ili omo ionekane kama tezi, na meli inayokwenda kushoto ionekane kama inakata kulia. Katika jumba la Royal Academy mjini London, wasanii, wengi wao wanawake, walipaka vielelezo vidogo vya mbao, wakavizungusha juu ya meza na kuvitazama kwa darubini ya nyambizi, kabla ramani za rangi hazijapelekwa bandarini. Mchoraji Edward Wadsworth, mpenzi wa maumbo makali, alisimamia upakaji huo Bristol na Liverpool. Zaidi ya meli 2,000 zilipakwa.

Je, njia hiyo iliokoa meli? Ukweli ni kwamba uchunguzi wa wakuu wa wanamaji mwaka 1918 haukupata ushahidi thabiti, kwa sababu misafara ya ulinzi na mbinu nyingine zilianza kutumika wakati ule ule. Walichokiri ni kwamba mabaharia waliosafiri katika meli hizo walikuwa na moyo zaidi. Aliyewahi kulinda lindo usiku ajua kwamba moyo nao ni silaha.

MRABA ULIOOGOPWA

Kubizimu haikuacha kabisa vitu vya dunia. Ndani ya vipande vyake mtu bado aweza kutafuta chupa au gitaa akaipata. Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Desemba 1915, huko Petrograd, Kazimir Malevich, mzaliwa wa Kiev, alionyesha kazi 39 ambazo hazikuwa na kitu chochote cha kutambulika. Mojawapo ilikuwa mraba mweusi juu ya weupe, kitambaa cha karibu sentimita 80 kila upande. Aliitundika juu penye pembe ya chumba, mahali ambapo katika nyumba za Waorthodoksi wa Urusi huwekwa picha takatifu. Mwaka 2015 wachunguzi wa jumba la Tretyakov, Moscow, waliimulika kwa mionzi, wakagundua picha mbili nyingine chini ya weusi ule.

Mtu angedhani kwamba mraba hauwezi kumkera mtawala. Lakini mwaka 1930 Malevich alikamatwa na kuwekwa kizuizini. Alifariki mwaka 1935, na picha zake za maumbo zikafungiwa ghalani kwa miongo mingi. Nchini Ujerumani, mwaka 1937, serikali ya Hitler ilikusanya zaidi ya kazi 650 kutoka katika majumba ya makumbusho, ikazionyesha mjini Munich ili wananchi wazicheke. Baadhi zilikuwa za Mholanzi Piet Mondrian, ambaye picha zake ni mistari iliyonyooka tu, pamoja na rangi nyekundu, manjano na buluu.

Mondrian aliondoka Paris mwaka 1938 akaenda London. Mabomu yalipoanza kuanguka London, alivuka bahari na kufika New York mwezi wa Oktoba 1940, akiwa na umri wa miaka 68. Huko alipata kifaa kipya: utepe wa karatasi wenye gundi, wa rangi mbalimbali. Badala ya kupaka mstari, akaukausha, kisha akaufuta asiporidhika, sasa aliweza kubandika utepe, akarudi nyuma kuutazama, akaubandua na kuusogeza. Kwa mtu anayesema kwamba kazi hii ingefanywa na mtoto, hapa pana jibu. Kuchora mstari hakumshindi mtoto. Kazi ni kujua uwekwe wapi ili picha nzima itulie, na Mondrian aliweza kutumia miezi katika jambo hilo. Picha yake ya mwisho, aliyoipa jina la ushindi aliokuwa akiungojea, ilibaki na vipande vya utepe na karatasi alipofariki tarehe 1 Februari, 1944. Ushindi wenyewe hakuuona.

Haki yadai kusema pia lile linalowapendeza wenye kubisha. Mwaka 2022 mtaalamu wa jumba la sanaa la Düsseldorf, Susanne Meyer-Büser, alitangaza kwamba picha moja ya tepe ya Mondrian ya mwaka 1941 ilikuwa imetundikwa juu chini kwa miaka mingi. Picha ya zamani ya chumba cha mchoraji ilionyesha kwamba mistari iliyosongamana ilipaswa kuwa juu. Hata hivyo waliamua kutoigeuza, kwa kuwa tepe zimechakaa na huenda zingebanduka. Watu walicheka duniani kote, na si vibaya kucheka. Mbinu mseto ina gharama yake: gundi huzeeka, gazeti hugeuka manjano, na kitu cha bei rahisi huhitaji ulinzi mkubwa kuliko rangi ya mafuta.

MAJIRANI WALIOTANGULIA

Ulaya haikuwa ya kwanza kupenda maumbo. Mashariki mwa Rwanda, katika nchi ya zamani ya Gisaka, akina mama hutengeneza imigongo: samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu hukandwa kuwa matuta ya milia na pembe pembe juu ya ubao au ukuta, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, akina mama wa Nyarubuye waliifufua kazi hiyo kwa ushirika, nayo ikawapa riziki. Nchini Uganda, msanii Sanaa Gateja hushona maelfu ya shanga za karatasi zilizotumika juu ya nguo ya gome la mutuba, akaunda picha kubwa za dhahania.

KUJARIBU NYUMBANI

Familia yaweza kuijaribu kazi hii siku ya mapumziko bila gharama. Tafuteni kipande cha katoni kisichojikunja. Koroga vijiko kadhaa vya unga wa ngano katika maji baridi kidogo, umimine ndani ya kikombe cha maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uwe uji mzito, kisha uache upoe. Hiyo ndiyo gundi. Kusanyeni gazeti kuukuu, mabaki ya kitenge, mchanga uliochekechwa na majivu. Kateni miraba, pembetatu na maduara ya ukubwa mbalimbali.

Msibandike upesi. Pangeni kwanza juu ya katoni, msogeze, mtazame kwa mbali. Umbo kubwa likielemea upande mmoja, wekeni dogo lenye rangi kali upande wa pili, mwone kama linalipima. Mkiridhika, pakeni gundi nyembamba, mbandike, mkandamize kwa vitabu usiku kucha. Mchanga na majivu hunyunyizwa mwisho, juu ya gundi mbichi.

Kisha mwulizeni mtoto kwa nini ameweka pembetatu yake pale alipoiweka. Akijibu kwamba mahali pengine ingeanguka, amekwisha kufahamu jambo ambalo Mondrian alilitafuta kwa tepe zake mpaka siku yake ya mwisho.